Kipande cha Nyama Kihamie Sahani ya Mtoto

"Punguza nyama nyekundu." Maneno haya matatu hutamkwa karibu kila siku katika kliniki za shinikizo la damu na kisukari, Songea kama kwingineko nchini. Mgonjwa huyasikia, huitikia kwa heshima, hukunja karatasi yake ya dawa na kuondoka. Njiani ndipo hujiuliza maswali ambayo hakuyauliza mbele ya daktari. Apunguze kutoka kiasi gani hadi kiasi gani? Kuku naye amo? Na hicho kitakachoondolewa sahanini, nafasi yake ichukuliwe na nini? Kwa kuwa hakupata majibu, hufanya moja kati ya mawili. Ama huacha nyama kabisa kwa wiki mbili, akachoka na kurudi kwenye mazoea yake. Ama huongeza ugali ili tumbo lijae, na sukari yake ikapanda badala ya kushuka.

Ushauri huo hauna makosa. Kasoro yake ni kwamba umekatwa nusu. Ukitolewa kwa ukamilifu, hasa katika mkoa kama Ruvuma, ungejibu maswali manne kwa pamoja: nani apunguze, apunguze kiasi gani, nafasi ijazwe na nini, na nyama iliyookolewa iende wapi. Swali la nne ndilo lililosahaulika kuliko yote, na huenda ndilo lenye uzito mkubwa zaidi kwa afya ya mkoa huu.

Wastani unaoficha sahani mbili

Lipo jambo la kukiri kwanza. Tanzania si nchi ya walaji wakubwa wa nyama. Wizara ya Mifugo na Uvuvi imekuwa ikitaja wastani wa takriban kilo 15 za nyama kwa mtu mmoja kwa mwaka, kiasi kisichofikia gramu 300 kwa wiki. Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani, ambao ushauri wake hutumika katika nchi nyingi, unawataka watu wazima wanaokula nyama nyekundu wasizidishe milo mitatu hivi kwa wiki, yaani gramu 350 hadi 500 za nyama iliyokwisha kupikwa. Kwenye mizani ya bucha, hiyo ni nyama mbichi ya kati ya nusu kilo na robo tatu ya kilo. Kwa hesabu hii, Mtanzania wa wastani hana anachopaswa kupunguza.

Lakini mtu wa wastani hayupo. Hakuna anayemkuta sokoni wala kliniki. Waliopo ni watu wawili tofauti, na mara nyingi huishi chini ya paa moja.

Wa kwanza ni mtu mzima mwenye kipato cha mjini: mtumishi, mfanyabiashara, dereva, fundi mwenye kazi za kutosha. Siku tatu za wiki huanza kwa supu na chapati. Ijumaa jioni, iwe Bombambili, Lizaboni au Mfaranyaki, huketi na wenzake, na kila mmoja huishia kula nusu kilo ya kitimoto au ya mbuzi wa kuchoma, pamoja na bia mbili tatu na kijiko cha chumvi pembeni. Jumapili hula nyama tena nyumbani kwa sababu ni Jumapili. Mtu huyo humaliza posho ya wiki nzima kwa kikao kimoja cha Ijumaa, na supu zote bado hazijahesabiwa. Akiulizwa kama anakula nyama nyingi, hujibu kwa unyofu kabisa kwamba hali, kwa kuwa nyumbani kwake nyama hupikwa mara moja tu kwa wiki.

Wa pili ni mtoto wake, au wa jirani yake, mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu. Huyu hula uji wa mahindi asubuhi, ugali na mchuzi wa mboga mchana, na ugali tena usiku. Siku ya nyama hupewa mchuzi. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika Mkoa wa Ruvuma idadi hiyo ilizidi theluthi moja. Huu ndio mkoa unaohesabiwa miongoni mwa maghala ya chakula ya taifa, ambao mahindi yake husafirishwa kwa malori kulisha mikoa mingine. Udumavu una sababu nyingi, zikiwemo maradhi ya kuhara, uzito mdogo wa kuzaliwa na mzigo wa kazi wa mama. Hata hivyo mlo wa aina moja ni miongoni mwa sababu zilizo wazi kuliko zote. Mtoto anaweza kushiba mahindi kila siku na bado akakosa vinavyomjenga.

Kumwambia kila mtu "punguza nyama" kwa sauti moja ni kuwapa watu hawa wawili dawa moja kwa maradhi yanayopingana. Baba atasikia na kupuuza; mama mwenye mtoto wa miezi kumi atasikia na kutii. Madhara yatamfikia yule asiyestahili kuyapata.

Ushahidi unasema nini

Kwa mtu mzima anayezidisha, ushahidi unatosha kuchukuliwa kwa uzito, mradi usemwe kwa kipimo chake. Oktoba 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliziweka nyama za kusindika, kama soseji na nyama zilizokaushwa kwa moshi au kuhifadhiwa kwa chumvi na kemikali, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Shirika hilo lilieleza kuwa kila gramu 50 za nyama hizo zinazoliwa kila siku huongeza uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Nyama nyekundu ya kawaida, yaani ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, iliwekwa katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Asilimia 18 hapa haina maana kwamba watu 18 kati ya 100 watapata saratani. Maana yake ni kwamba hatari ambayo mtu anayo tayari huongezeka kwa sehemu hiyo. Mhudumu anayelitaja bila kulifafanua huwatisha wagonjwa bure.

Saratani ni sehemu ndogo ya habari yenyewe. Kinachojaza vitanda vya wodi za watu wazima ni moyo, figo na kiharusi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba asilimia 97 walikula matunda na mboga chini ya kiasi kinachoshauriwa. Nyama yenye mafuta hupandisha lehemu mbaya katika damu. Chumvi inayoandamana na nyama choma huongeza shinikizo, na mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kidogo cha chai kwa vyakula vyote pamoja. Nyama, maini na figo, vikichanganywa na bia, huongeza asidi ya yuriki na kumwamsha mgonjwa wa jongo usiku wa manane kwa maumivu ya kidole gumba cha mguu. Sehemu za nyama zilizoungua hadi kuwa nyeusi hubeba kemikali zinazohusishwa na saratani. Na kitimoto isiyoiva vizuri inaweza kuwa na mabuu ya tegu, minyoo ambayo wataalamu wa mifugo wameikuta katika nguruwe wa mkoa huu. Mlaji hupata tegu tumboni; mayai ya tegu huyo yakitoka na kinyesi na kuingia katika chakula au maji, yanaweza kupeleka mabuu hadi kwenye ubongo wa mtu na kuleta kifafa.

Afrika Mashariki imechangia mengi katika elimu hii. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda katika Hospitali ya Mulago kuanzia miaka ya 1940, aliona kwamba magonjwa ya utumbo mpana yaliyokuwa ya kawaida Ulaya yalikuwa nadra kwa wanavijiji aliowatibu. Yeye pamoja na Hugh Trowell, daktari mwingine aliyekaa Uganda miaka mingi, waliihusisha tofauti hiyo na nyuzinyuzi: wanavijiji walikula nafaka zisizokobolewa, maharage, mizizi na majani kwa wingi. Fikra hiyo, iliyozaliwa katika sahani za Waafrika, leo hufundishwa katika vyuo vya udaktari duniani kote, huku wajukuu wa wanavijiji hao wakizikimbia sahani hizo.

Karibu zaidi na nyumbani, mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Kilimanjaro kwa vijana 77 wa kiume wenye afya njema, wa Moshi mjini na wa vijijini. Waliozoea chakula cha asili cha kijijini, chenye maharage, ndizi, nafaka na mboga za majani, walipewa kwa wiki mbili chakula cha mtindo wa mjini chenye vitu kama soseji, mkate mweupe na chipsi. Baadhi ya wenzao wa mjini walipewa chakula cha kijijini. Wiki mbili zilitosha kuonyesha mabadiliko katika damu. Walioingia kwenye mlo wa mjini walipata dalili za mchochota mwilini na kinga yao ikadhoofika katika kukabiliana na vimelea. Walioingia kwenye mlo wa kijijini walipata kinyume chake, na sehemu ya nafuu hiyo ilionekana hata wiki nne baadaye. Utafiti huo haukupima nyama peke yake, bali mlo mzima, na funzo lake liko hapo hapo. Afya haiji kwa kuondoa kitu kimoja sahanini. Huja kwa kile kinachokaa mahali pake.

Nafasi ijazwe na nini

Ruvuma haihitaji kuagiza jibu kutoka mbali. Maharage yanalimwa Songea na Mbinga, mbaazi na karanga zinapatikana, na soya ni zao ambalo mkoa huu unatajwa miongoni mwa wazalishaji wake wakuu nchini. Ziwa Nyasa linatoa dagaa na mbasa. Majani ya maboga, kisamvu, matembele, mchicha na mnafu hayakosekani kwa mwenye kipande cha bustani.

Gramu 100 za maharage makavu zina gramu 20 za protini na zaidi, pamoja na nyuzinyuzi ambazo nyama haina hata chembe. Ni kweli kwamba protini ya maharage peke yake ina upungufu, kama ilivyo ya mahindi peke yake. Mahindi yana upungufu wa laisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi. Maharage yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Vikiingia chungu kimoja, kila kimoja hufidia pengo la mwenzake. Bibi aliyepika makande hakuwa amesoma kemia, lakini chungu chake kilikuwa sahihi. Makande yamebandikwa jina la chakula cha shule na cha shida, na jina hilo limefanya madhara makubwa kuliko upungufu wowote ulio ndani yake.

Malalamiko kwamba maharage hujaza tumbo gesi ni ya kweli na yana tiba. Yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, yapikwe kwa maji mapya hadi yalainike, na mwili upewe wiki kadhaa uzoee, kwa kuanza na kiasi kidogo. Madini chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani hufyonzwa kwa shida kuliko yale ya nyama, lakini chungwa, ndimu au pera likiliwa pamoja na mlo husaidia sana. Chai ya rangi inayonywewa na chakula hufanya kinyume. Ni bora isubiri walau saa moja. Vitamini B12 haipatikani katika mimea ya kawaida, hivyo anayeacha nyama kabisa anahitaji mayai, maziwa, samaki au dagaa, la sivyo apate ushauri wa kitaalamu kuhusu vidonge.

Wala si lazima nyama iondoke chunguni. Njia iliyo rahisi kufuatwa ni kuibadilishia cheo. Robo kilo ya nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikipikwa pamoja na maharage, njegere au ndizi, huipa familia nzima ladha na kiasi cha virutubisho, mahali ambapo awali kilo nzima ilitafutwa. Nyama ikishuka cheo kutoka kuwa chakula chenyewe hadi kuwa kiungo cha chakula, hakuna anayehisi kwamba amenyang'anywa.

Tahadhari tatu lazima ziambatane na ushauri huu. Mgonjwa wa kisukari asijaze pengo la nyama kwa mlima wa ugali: kiasi cha ngumi yake moja, na ikiwezekana cha dona badala ya sembe, kinatosha. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshuka uwezo asiongeze maharage, soya wala mboga kwa wingi kabla ya kuongea na daktari wake, kwa kuwa potasiamu na fosforasi zinaweza kumdhuru. Na mboga zilizozamishwa katika mafuta na chumvi zimeshapoteza sehemu ya sababu ya kuliwa.

Heshima iliyofungwa katika nyama

Wataalamu wa afya hukosea wanapodhani kwamba mtu hula nyama kwa sababu hajui madhara yake. Nyama ni lugha. Mgeni akipikiwa maharage hujiuliza amekosa nini. Mwenyeji naye huona aibu. Wangoni waliofika katika nyanda hizi karne ya 19 wakitokea kusini mwa Afrika walikuwa wafugaji, na ng'ombe kwao alikuwa mali, mahari na sadaka. Baadaye zikaja Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliangamiza watu wengi kuliko risasi. Jamii iliyowahi kupokonywa chakula kama silaha haiwezi kuambiwa ile kidogo bila kuelezwa kwa nini. Sahani iliyojaa nyama inasema kwamba nyumba hii imevuka shida.

Heshima hiyo haifai kudharauliwa. Inafaa kuelekezwa upya. Katika nyumba nyingi firigisi ya kuku ni ya baba, na kipande kinene ni chake kabla ya wengine wote. Desturi hii ilikuwa na maana yake pale ambapo nguvu za mwanamume ndizo zilizolima na kulinda. Lakini leo mwenye uhitaji mkubwa wa kile kipande ni mtoto wa miezi sita hadi miaka miwili, ambaye ubongo wake unajengwa sasa na hautajengwa upya. Ni mama mjamzito ambaye damu yake inapungua. Ni msichana aliyeanza kupata hedhi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23 unataka wapewe kila siku chakula chenye asili ya mnyama: nyama, samaki au yai. Huo ni ushauri wa kuongeza. Unakutana na ushauri wa kupunguza katika meza moja, na hakuna ugomvi kati yao ikiwa kipande kinahama kutoka sahani moja kwenda nyingine.

Fedha nazo huhama vivyo hivyo. Nyama nyingi anayozidisha baba hailiwi nyumbani. Huliwa barabarani, mbali na macho ya watoto. Bei ya nusu kilo ya nyama choma pamoja na vinywaji vyake inaweza kununua mayai na dagaa wa mtoto kwa siku nyingi. Baba anayeacha vikao viwili vya namna hiyo kwa mwezi na kupeleka fedha hiyo jikoni hujitibu mwenyewe na kumkinga mwanawe kwa tendo moja. Ni nadra kwa tiba moja kuponya vizazi viwili.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inawaumiza wafugaji na wenye bucha, wakati taifa linahimiza ulaji wa nyama uongezeke. Wasiwasi huo unapungua ukitazamwa vizuri. Nyama haiondolewi sokoni, inagawanywa upya. Robo kilo zinazonunuliwa na kaya nyingi kwa ajili ya watoto wao ni soko pana na la kudumu kuliko mezani kwa watu wachache wanaokula hadi kuugua. Mfugaji mwenye busara angependa mteja aishi miaka 80.

Kinachopaswa kubadilika

Badiliko la kwanza ni la chumba cha daktari. Kabla ya kusema "punguza", mhudumu aulize maswali matatu yasiyochukua hata dakika mbili. Wiki iliyopita ulikula nyama mara ngapi, ukihesabu supu, mishikaki na ya kwenye sherehe? Ulikula wapi, na pamoja na nini? Nani wengine wanakula nyumbani kwako, na wao walipata nini? Majibu yatamwonyesha kama aliye mbele yake anahitaji kupunguza, kubaki alipo au kuongeza. Bibi wa miaka 70 mwenye shinikizo la damu ambaye hula nyama Krismasi na Pasaka hana sababu ya kukatazwa nyama. Pengine tatizo lake ni chumvi na dawa anazoziruka. Mgonjwa naye aseme kweli. Mficha uchi hazai, na anayeficha supu ya asubuhi hupewa ushauri wa mtu mwingine.

Badiliko la pili ni la kipimo. "Kidogo" na "kiasi" si vipimo. Kiganja cha mkono wa mlaji mwenyewe, bila vidole, ni makadirio ya kipande kimoja cha mlo mmoja. Milo mitatu ya namna hiyo kwa wiki inatosha kwa mtu mzima. Soseji na nyama nyingine za kusindika zisiwe chakula cha kila siku cha mtu yeyote, hasa mtoto wa shule ambaye hufungiwa mbili kila asubuhi kwa kudhani kwamba ndiyo malezi bora.

Badiliko la tatu ni la vijijini. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo ya mwaka, hujaza akina mama na watoto, huku akina baba wakiwa nadra kuonekana. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akifundisha kuhusu kipande cha mtoto mbele ya mama peke yake, amemfundisha asiye na kisu. Baba aalikwe kwa jina, na ujumbe umhusu: uzito wake, shinikizo lake, na ukuaji wa mwanawe.

Badiliko la nne ni la taasisi za afya zenyewe. Semina ya magonjwa yasiyoambukiza inayohitimishwa kwa sahani ya nyama ya kukaanga, kuku juu yake, wali mweupe na soda imejikanusha kabla washiriki hawajanawa mikono. Maharage ya nazi, mboga za majani, samaki na matunda mezani mwa mkutano vingefundisha zaidi ya picha zote za ukutani. Mgonjwa hutazama anachokula daktari wake.

Hakuna lolote katika haya linalohitaji mashine mpya, wala dawa ya kuagizwa, wala kusubiri bajeti ijayo. Linahitaji sentensi iliyokatwa nusu ikamilishwe. Siku ambayo mgonjwa wa Songea atatoka kliniki akiambiwa, "Wewe punguza hadi viganja vitatu kwa wiki, nafasi ijaze kwa maharage na mboga, na kile kipande chako mpe mwanao," atakuwa amebeba agizo analoweza kulitekeleza jioni hiyo hiyo. Na usiku, chungu kitakapofunuliwa, mama hatahitaji kuuliza kipande kinene ni cha nani.